Mswada uliopita Seneti bado ni dafu

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa minazi huku Pwani ya Kenya. Mwaka jana seneta mmoja alikuja mkutanoni akatuambia mswada wa zao letu umepita. Tulichinja mbuzi. Mswada huo unasema kutakuwa na bodi ya nazi, wanunuzi watachukua leseni, na kutaundwa hazina ya kuwakopesha wakulima miche. Tangu siku hiyo kimya. Wanunuzi wanaendelea kutulipa wapendavyo. Juzi tulimuuliza mbunge, akasema hajawahi kuuona mswada wenyewe. Nani anatudanganya? Na kama Seneti ndiyo bunge la juu, mbunge anawezaje kuzuia kitu ambacho Seneti imeshapitisha? Wengine hapa wanasema Rais ndiye aliyeukalia. Tufanye nini?"

Marahaba, katibu. Kwa jinsi ulivyoeleza, huenda hakuna aliyewadanganya. Seneta alisema umepita, na inaelekea ulipita kweli. Mbunge alisema hajauona, na inawezekana kabisa kuwa hajauona. Neno "umepita" ndilo lililowaponza. Mswada kama wenu hupita mahali pengi kabla haujawa sheria, na kila unapopita hakosekani mtu wa kushika kipaza sauti. Siku nyingine mkiambiwa umepita, ulizeni: umepita wapi?

Wewe ni mtu wa minazi, basi tuliweke hivi, kwa hatua za kukua kwa nazi, tangu changa kabisa hadi iliyokomaa. Kidaka hakikunwi. Kitale ni cha watoto kuchezea. Dafu lina maji matamu na ukipewa unashukuru, lakini hulipeleki kwenye mbuzi ya kukunia ukapata tui. Koroma limekaribia. Nazi ndiyo ya kupikia. Mswada uliopita Seneti peke yake ni dafu. Kufurahi si kosa, ila ilikuwa mapema mno kuinjika wali.

Nianze na hilo la "bunge la juu", kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi, hata watangazaji wa redio. Bunge la Kenya lina nyumba mbili. Bunge la Taifa lina wabunge 349: 290 wa maeneobunge, wanawake 47 wa kaunti, na 12 walioteuliwa. Seneti ina maseneta 67: 47 waliochaguliwa, wanawake 16 walioteuliwa, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu. Kila nyumba ina Spika wake. Katiba ya 2010 haikuiita yoyote ya juu wala ya chini. Iligawa kazi. Ibara ya 96 inaipa Seneti kazi ya kuziwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake, na katika kutunga sheria inashiriki kwenye miswada inayohusu kaunti. Mswada usiogusa kaunti huishia Bunge la Taifa na kwenda moja kwa moja kwa Rais, Seneti haiuoni. Kwa hiyo hiyo inayoitwa ya juu ndiyo inayogusa sheria chache zaidi. Wazee wa kwenu huenda wanakumbuka kuwa tuliwahi kuwa na Seneti baada ya uhuru, 1963, ikavunjwa 1966 kwa kuunganishwa na nyumba ya pili. Hii ya sasa ilirudi kwa sababu ya ugatuzi, yaani madaraka kupelekwa kwenye kaunti, na nguvu zake zinaishia pale ugatuzi unapoishia.

Mswada wenu unahusu kaunti bila shaka. Kilimo kimo kwenye Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya kazi za kaunti. Lakini hilo halijiamulii lenyewe. Ibara ya 110 inasema kabla nyumba yoyote haijaujadili mswada, Maspika wawili wamalize pamoja swali lolote la kama unahusu kaunti au la. Jambo linaonekana dogo, na ndilo lililoleta ugomvi mrefu kuliko yote kati ya nyumba hizi. Mwaka 2013 walivutana juu ya Mswada wa Ugavi wa Mapato hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Novemba mwaka huo Mahakama ikaeleza kuwa mswada huo unazihusu kaunti na Seneti ilistahili nafasi yake. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ikabatilisha sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Taifa bila Seneti. Mahakama ya Rufaa ikapunguza makali ya hukumu hiyo mwaka uliofuata, lakini funzo lilibaki: sheria inaweza kutiwa saini, ikatumika miaka, kisha ikaanguka kwa kuwa iliruka nyumba moja njiani.

Sasa tuufuate mswada wenu wenyewe. Tafuta nakala iliyochapishwa, si muhtasari mliogawiwa mkutanoni. Jalada lake litaonyesha ni nyongeza ya Gazeti Rasmi la Serikali, na litasema ni mswada wa Seneti, nambari fulani, mwaka fulani. Nambari hiyo iandike mahali usipoipoteza, maana bila nambari hakuna karani atakayekusaidia haraka. Halafu fungua kurasa za mwisho kabisa, palipoandikwa madhumuni na sababu za mswada. Wengi hawafiki huko. Hapo mwandishi analazimika kusema kama mswada unahusu serikali za kaunti na kama utatumia fedha za umma. Sentensi hiyo moja ndiyo itakayotueleza ugonjwa wa mswada wenu, nitairudia.

Baada ya kuchapishwa, mswada wa kawaida husubiri siku 14, isipokuwa nyumba yenyewe ikubali kufupisha. Kisha unasomwa mara ya kwanza. Usidhani kuna mtu anausoma. Karani anasimama, anataja jina la mswada, anaketi. Sekunde chache tu, wala hakuna mjadala. Kazi ya kweli inaanza hapo, kwa sababu mswada unapelekwa kwenye kamati, na kamati inalazimika kuuita umma, kwa amri ya Ibara ya 118.

Nimekaa kwenye vikao hivyo vya kamati miaka mingi. Siku moja mashirika yalikuja na mafaili mazito, picha za rangi, hotuba. Mwishoni akaja mama mmoja muuza maziwa na karatasi moja aliyoandika kwa mkono. Alisema: kifungu hiki mmesema mnunuzi amlipe mfugaji "katika muda unaofaa", andikeni siku saba. Akakaa. Hakumaliza dakika nne. Siku saba ziliingia kwenye ripoti, na yale mafaili sikumbuki yalisema nini. Kamati haina la kufanya na mtu anayesema "tunaunga mkono" au "tunapinga". Inahitaji nambari ya kifungu, neno la kutoa na neno la kuweka.

Kamati ikileta ripoti, mswada unasomwa mara ya pili, na hapo ndipo wanajadili nia yake: je, tunataka bodi ya nazi au hatutaki? Ukivuka, nyumba inajigeuza kuwa kamati ya nyumba nzima, Spika anaondoka kitini, na vifungu vinapitiwa kimoja kimoja. Kama mna marekebisho mnayoyataka, huu ndio mlango wake wa mwisho ndani ya nyumba hiyo. Halafu kusomwa mara ya tatu na kura ya mwisho.

Kura ya Seneti ina hesabu yake. Kwa jambo linalohusu kaunti, hawapigi kura maseneta 67. Zinapigwa kura 47, moja kwa kila ujumbe, yaani maseneta wanaowakilisha kaunti moja, na anayeipiga ni kiongozi wa ujumbe, ambaye ni yule seneta aliyechaguliwa na wapiga kura. Wanaohitajika ni wengi wa jumbe zote, yaani 24, si wengi wa waliohudhuria. Ndiyo maana mara nyingine mswada ambao hakuna anayeupinga unaahirishwa wiki baada ya wiki: hawapatikani 24 ukumbini. Mkimwona seneta wenu hayumo ukumbini siku ya kura yenu, wala hakumteua mwenzake wa ujumbe apige kwa niaba yake, hiyo ni sawa na kura ya kukataa.

Tuseme 24 walipatikana, na hiyo ndiyo siku mliyochinja mbuzi. Kilichofuata ni barua: Spika wa Seneti akampelekea mwenzake wa Bunge la Taifa ujumbe kwamba tumeupitisha, nanyi uangalieni. Na kule unaanza upya. Kusomwa mara ya kwanza, kamati nyingine, umma unaitwa tena, kusomwa mara ya pili, vifungu, mara ya tatu. Wabunge hawafungwi na alichokubali seneta hata chembe. Ndiyo maana nasema mbunge hakuwadanganya; kwake yeye mswada wenu bado ni kidaka, au haujatungika kabisa.

Kwa nini umekwama huko? Naziona sababu mbili. Ya kwanza ni foleni. Miswada ya Serikali hupewa nafasi mbele, na mswada kutoka Seneti unahitaji mbunge wa kuubeba, wa kusimama na kusema nauleta. Ukikosa mbebaji, hakuna anayeukataa na hakuna anayeuita. Unalala.

Ya pili ndiyo ninayoishuku zaidi kwa mswada wenu: pesa. Bodi ina wajumbe wa kulipwa posho na maafisa wa kulipwa mishahara. Hazina ya miche lazima ipate fedha kutoka mahali. Ibara ya 109 inasema mswada wa pesa unaweza kuanzia Bunge la Taifa tu, na Ibara ya 114 inaeleza mswada huo ni upi: wenye kodi, wenye kubebesha mfuko wa umma gharama, wenye mikopo na mfano wa hayo. Spika wa Bunge la Taifa akiona mswada kutoka Seneti una sura hiyo, nyumba yake haiwezi kuendelea nao ila kwa kufuata pendekezo la kamati inayohusika, na kamati yenyewe ilazimike kwanza kuzingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Miswada mingi ya maseneta imezimikia hapo hapo. Kiasi hakina maana. Hata kama fedha yenu ni maji ya kifuu tu, kwa Ibara ya 114 ni bahari. Ndiyo maana nilikwambia uende kwenye kurasa za mwisho. Zikisema mswada hautatumia fedha za umma, na ndani kuna bodi na hazina, basi mwandishi alijifumba macho, na wenzake ng'ambo ya pili watayafumbua.

(Usichanganye mswada wa pesa na Mswada wa Fedha ule wa kila mwaka wa kodi. Wa pili ni mmoja wa wa kwanza. Najua majina yanaudhi.)

Sasa Rais. Hapo wenzako wamekosea, na nawaelewa kwa nini. Ibara ya 115 inampa siku 14 tangu aupokee mswada: atie saini, au aurudishe Bungeni akiandika asichokubaliana nacho. Hana njia ya tatu. Akikaa kimya, muda ukiisha mswada unahesabiwa kuwa umekubaliwa. Akiurudisha, Bunge linaweza kurekebisha kama alivyotaka, au likaushikilia msimamo wake kwa theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa, yaani 233, na kama mswada ni wa kaunti, theluthi mbili ya jumbe za Seneti pia, yaani 32. Ulishuhudia sehemu ya haya Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipitishwa tarehe 25 na Bunge la Taifa peke yake, 195 kwa 106, siku ambayo vijana waliingia majengo ya Bunge. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini, akaurudisha akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Ukafa. Watu wengi waliilaumu Seneti siku zile kwa kura ambayo haikupiga. Kwa mswada wenu, Rais hawezi kuwa ameukalia, kwa sababu hakuna aliyempelekea.

Na ukipita kwenye nyumba ya pili? Hapo tena kuna njia panda. Wakiupitisha neno kwa neno kama ulivyotoka Seneti, unapelekwa kwa Rais ndani ya siku saba. Wakibadilisha hata nukta, unarudi Seneti. Seneti ikikubali mabadiliko, vizuri. Ikikataa, au kama Bunge la Taifa liliukataa mswada wote, inaundwa kamati ya upatanishi, idadi sawa kutoka kila nyumba, kutafuta maneno ambayo wote watayameza. Wana siku 30. Wakishindwa, au nyumba moja ikiyakataa walichokubaliana, mswada umekufa, na atakayeutaka aanze kuchapisha upya. Si hadithi za kutisha. Mwaka 2019 Seneti ilitaka kaunti zipate shilingi bilioni 335, Bunge la Taifa likashikilia 310. Upatanishi ukashindikana na mswada ukaanguka. Ukaletwa wa pili, wakavutana tena, wakamalizia bilioni 316.5 Septemba, mwaka wa fedha ukiwa umeshaanza na kaunti zikilia ukata. Kama mgao wa nchi nzima ulikwama hivyo, msione ajabu nazi kungoja.

Tui lenyewe linapatikana hivi: baada ya saini, sheria inachapishwa katika Gazeti Rasmi ndani ya siku saba, na inaanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe itaje tarehe nyingine. Na leseni za wanunuzi karibu daima hungoja kanuni za waziri juu ya hapo.

Mfanye nini basi? Nikupe maoni yangu kama ningekuwa mwanachama wa kikundi chenu. Kwanza, hakikisheni mlipo kabla ya kumkasirikia mtu. Kila nyumba huchapisha jedwali la miswada yake na hatua iliyofikia. Ukikosa, andika kwa Karani wa Bunge la Taifa ukitaja ile nambari. Kama mswada umeshaingia nyumba ya pili na unangoja mbebaji, mtafuteni mbunge yeyote wa Pwani, si lazima wa kwenu, awe anatoka penye minazi tu. Mpelekeeni mswada mkononi.

Kama kizuizi ni pesa, mna chaguo chungu. Mnaweza kushikilia bodi na hazina, mkamtaka mbunge auanzishe mswada mpya Bunge la Taifa, ambako pesa inaruhusiwa kuanzia. Mtapoteza kazi yote ya Seneti na mtahitaji Wizara ya Fedha isiwapinge. Au mnaweza kukubali bodi na hazina zing'olewe, ibaki leseni ya wanunuzi na muda wa malipo. Mimi ningeng'oa. Bodi mpya hukomaa polepole kuliko mnazi, na anayewaumiza leo ni mnunuzi.

Kuna njia ya tatu ambayo sijasikia mkiitaja. Bunge la kaunti lina nyumba moja tu. Kwa kuwa kilimo na masoko ya mazao vimo mikononi mwa kaunti, mwakilishi wadi wenu anaweza kuleta mswada wa kaunti wa kuwasajili wanunuzi wa nazi, na gavana naye ana siku 14 kama Rais. Ni njia fupi. Udhaifu wake ni kwamba lori likivuka mpaka wa kaunti, sheria yenu inabaki nyuma, kwa hiyo mngehitaji kaunti jirani zifanye vivyo hivyo, na msigongane na sheria ya kitaifa iliyopo.

Msingoje sana pia. Miswada isiyokamilika hufa na muhula wa Bunge, na uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Miezi ya mwisho wabunge wako mashinani kuomba kura, na ukumbi unabaki na viti.

Kuna haki nyingine mnayo: Ibara ya 119 inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi Bungeni kutaka jambo lishughulikiwe, ikiwemo kutunga sheria au kuirekebisha. Haihitaji wakili, inahitaji majina, sahihi na ombi lililoandikwa wazi. Wakili mtamhitaji mkitaka kwenda Mahakama Kuu, mathalani kama sheria itapitishwa bila wakulima kusikilizwa, au ikiwa mtaletewa karatasi ya kutia sahihi inayohusu ardhi au ada za kikundi kwa jina la bodi ambayo haipo. Hilo la pili likitokea, msisaini kitu, nendeni kwa wakili siku hiyo hiyo.

Ukishapata nakala, nipigie picha jalada na kurasa za mwisho. Nitakuonyesha ulipo, na kama kuna kifungu cha kuokoa tutakiandika pamoja, nambari kwa nambari, kabla kamati haijaita watu.